Somo kwa Wamama: Kinga Gani Inafaa Mama?



Siku ya kupima watoto ninasimama mbele ya mulango wa kliniki na ninaangalia namna wamama wanafika. Wengi wanafika kwa miguu, mutoto mugongoni. Wengine wanaletwa na toleka ao na moto. Na kuko wengine wanaofika juu ya kinga yao wenyewe. Ile inanifurahisha sana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2016 kwamba mama mwenye mimba aonane na wauguzi mara 8 mbele ya kuzaa. Mama anayekaa kilometa 10 mbali na kliniki atatembea kilometa 160 kwa kwenda na kurudi. Kinga inapunguza ile njia.

Lakini ninaangalia pia namna wanashuka. Pale ndipo woga unaniingia.

Mama mumoja alifika na kinga ya bwana yake, ile ya chuma cha juu. Mutoto mudogo alikuwa mugongoni, mukubwa alikuwa amekaa nyuma. Alipotaka kushuka, hakuweza kurusha muguu nyuma, sababu angemupiga mutoto. Hakuweza kupitisha muguu mbele, sababu chuma kilimuzuia na kikwembe kilimufunga. Basi aliilaza kinga pole-pole upande mumoja, mpaka yeye na watoto wote wawili wakawa chini. Wamama wengine walicheka. Mimi sikucheka, juu nilifikiri: ingekuwa barabarani, na lori nyuma yake, ingekuwa namna gani?

Kwa hiyo leo tujifunze kitu kimoja: kuchagua kinga inayofaa mama. Ushike neno hili tangu mwanzo: usichague kinga kwa namna unapanda, uichague kwa namna unashuka. Kupanda, unapanda wakati unataka mwenyewe. Kushuka, mara mingi unashuka wakati hautaki: mbuzi anapita, breki inakatika, mutoto analia.

1. MIFUPA YA KINGA

Kinga iko na mifupa kama mutu. Mafundi wanaita ile mifupa kadre. Mupira unaweza kubadilisha, kiti unaweza kubadilisha, lakini kadre ukishainunua ndiyo utabaki nayo. Basi tuangalie kadre kwanza. Kuko aina tatu.

Ya kwanza ni kinga ya wanaume. Chuma kimoja kinatoka mbele, chini ya usukani, na kinakwenda moja kwa moja mpaka chini ya kiti. Kinga nyingi za kazi kwetu ziko hivi. Iko na nguvu sana. Ndiyo ile wanaume wanasukuma njia ndefu na mawese, chumvi na magunia. Lakini chuma chake cha juu kinafika karibu na kiuno cha mama.

Ya pili ni kinga ya dame. Haina chuma cha juu. Mbele ya kiti kuko nafasi ya wazi, na vyuma vinapita chini, karibu na pedali. Unapitisha muguu pale kama vile unavuka kizingiti cha nyumba. Kinga hii haikuanza jana. Kinga ya magurudumu mawili karibu sawasawa, yenye munyororo kwa gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley kule Uingereza mwaka 1885. Mbele ya miaka kumi kupita, watengenezaji walikuwa wamekwisha kuondoa chuma cha juu kwa ajili ya wamama wa Ulaya, sababu nguo zao zilikuwa ndefu mpaka chini. Unaona? Matata ya kikwembe haiko yetu peke yetu.

Ya tatu inaitwa miksti. Neno hili ni la Kifaransa, maana yake ni ya kuchanganya: ya mwanaume na ya mwanamuke. Utaipata mara nyingine kati ya kinga za zamani zinazotoka Ulaya. Iko hivi: badala ya chuma kimoja cha juu, kuko vyuma viwili vyembamba. Vinatoka mbele chini ya usukani, vinashuka kwa mushazari, kimoja kuume na kimoja kushoto kwa mufupa wa kiti, na vinaendelea mpaka pale gurudumu la nyuma linafungwa. Zingine ziko na chuma kimoja kinene kinachoishia kwenye mufupa wa kiti, kisha vidogo viwili vinaendelea nyuma. Karibu na kiti, chuma cha miksti kinafika kwa goti ao juu yake kidogo.

2. SABABU GANI MOJA IKO NA NGUVU KUPITA INGINE?

Fanya jaribu hili nyumbani pamoja na watoto. Chukua vijiti vitatu, uvifunge kwa kamba pembe kwa pembe. Sukuma: haviyumbi. Sasa chukua vijiti vine, uvifunge kama sanduku. Sukuma: vinalala upande. Ndiyo sababu fundi wa mbao akitengeneza mulango anapigilia ubao mumoja wa mushazari. Asipoupigilia, mulango unashuka na hautafunga tena.

Kinga ya wanaume iko na chuma kinachoshikamanisha mbele na kiti, kama ule ubao. Kinga ya dame haina. Kwa hiyo watengenezaji wanaongeza unene wa vyuma vya chini, na kinga inakuwa nzito. Hata hivi, ukiweka muzigo mukubwa nyuma, utasikia mbele inacheza. Nyuma inataka kwenda upande huu, usukani unataka kwenda upande ule.

Miksti iko katikati. Vile vyuma viwili vya mushazari vinashika mbele na gurudumu la nyuma pamoja. Muzigo ukikaa nyuma, vinausaidia. Kwa hiyo miksti haichezi sana kama kinga ya dame, na tena ni rahisi kupanda kuliko kinga ya wanaume.

Mama atauliza: basi miksti inapita zote? Ngoja kwanza.

3. MIMI MWENYEWE NILIKOSEA

Nilipopata kazi ya kufundisha wauguzi, nilinunua miksti. Niliona iko na nguvu, na bwana yangu angeweza kuitumia pia. Nilibeba nayo unga, makala, hata sanduku ya vitabu. Ilinitumikia vizuri sana. Kisha nikapata mimba. Mwezi wa tano sikuona shida. Mwezi wa saba, siku moja saa ya jioni, mutoto wa shule alikimbia mbele yangu. Nilikamata breki, nikasimama, nikataka kushusha muguu. Tumbo lilinizuia kuinua goti, kisigino kikakamata kikwembe juu ya kile chuma, nikaanguka upande.

Usiku ule nililala katika maternite kama mugonjwa, mimi niliyezoea kulala pale kama mutumishi. Muzalishaji alisikiliza moyo wa mutoto mara kwa mara mpaka asubuhi. Mutoto alikuwa muzima. Lakini sikusahau masaa yale. Kinga ilikuwa nzuri. Mimi ndiye sikuwaza namna mwili wa mama unabadilika.

Ile kinga haikuwa mbaya, mama. Ilifaa mwanamuke niliyekuwa mwaka uliopita. Haikufaa mwanamuke wa siku ile.

4. KUKAA WIMA

Kwa mama, kinga yoyote itengenezwe ili akae wima, mugongo sawasawa kama vile unakaa juu ya kiti mezani. Usukani uwe juu kidogo kupita kiti, na mikono yake irudi karibu nawe, ili usiiname. Faida ni hizi:

- Unaona mbali: mashimo, mbuzi, watoto, lori.
- Shingo na kiuno haviumi upesi.
- Mikono haibebi uzito wa mwili, na vidole havifi ganzi.
- Tumbo la mimba halibanwi.

Lakini ukikaa wima, uzito wote unakwenda kwa matako. Kwa hiyo kiti kiwe kipana, chenye risoro chini. Pua ya kiti isiangalie juu, sababu itakuumiza pale mbele, na mama aliyezaa karibuni anajua maumivu yale. Pua ilale sawasawa.

Urefu wa kiti ni hivi: ukikaa, ncha za miguu yote miwili ziguse udongo. Kiti cha juu zaidi kinapunguza kazi ya magoti, lakini mama anayejifunza, ao anayechukua mutoto, anahitaji udongo kuliko mwendo. Na kilima kikiwa kikali, shuka na usukume. Haiko haya.

5. MAJARIBU MATATU MBELE YA KUTOA FEZA

Usinunue kinga kwa macho. Usinunue pia kwa maneno ya muuzaji. Omba ruhusa ya kuijaribu. Nenda na rafiki wa kukushikilia.

Jaribu la kwanza: kikwembe. Vaa kikwembe unachovaa kila siku, wala si suruali ya kukopa. Panda na ushuke mara kumi. Kama kikwembe kinakamata chuma hata mara moja, hesabu ile mara moja. Siku ya haraka itakuwa ndiyo ile.

Jaribu la pili: muzigo. Funga nyuma bidoni ya litri 20 yenye maji. Uzito wake ni karibu kilo 20, kama mutoto wa miaka mitano ao sita. Tembea pole-pole. Usukani ukicheza mikononi kama nyoka, muzigo ule ni mukubwa kwa kinga ile, ao kadre imechoka.

Jaribu la tatu: kusimama. Tembea, kisha rafiki yako apige kelele «Simama!» Ukamate breki, utoke kwenye kiti uende mbele, na miguu yote miwili iguse udongo. Kinga ya dame inakupa nafasi ya kusimama wima mbele ya kiti. Kwa miksti, angalia kama chuma hakigusi mwili wako ukisimama. Mama mufupi atasikia shida pale kuliko mama murefu.

Kisha angalia afya ya kinga yenyewe, kama vile sisi tunaangalia mutoto kliniki. Pitisha kidole pale vyuma vinaungana: nyufa, kutu, rangi iliyopasuka. Kwa miksti, angalia zaidi pale vile vyuma vyembamba vinashikana na mufupa wa kiti na nyuma. Breki zote mbili zifanye kazi. Ukiona kinga ya dame ambayo fundi aliongeza chuma kwa kuunguza na moto, uiache. Amekuondolea ile nafasi uliyotaka kununua, na pale palipoungua panaweza kuvunjika.

6. MAMA GANI, KINGA GANI?

Chagua kinga ya dame kama:
- uko na mimba ao unataka kuzaa tena;
- unachukua mutoto nyuma;
- unavaa kikwembe kila siku;
- uko mufupi, ao goti na kiuno vinakuuma;
- unajifunza sasa, na woga ungali nawe.

Chagua miksti kama:
- unabeba muzigo wa soko mara mingi, na hauchukui mutoto;
- barabara yenu iko na mawe na mashimo mengi;
- kinga itatumiwa na wewe, na bwana, na kijana yenu;
- uko murefu, na unaweza kuinua goti bila shida.

Kama kuko vyote viwili, mutoto na muzigo, je? Chagua kwa ajili ya mutoto. Muzigo unaweza kugawanya: leo nusu, kesho nusu. Hauwezi kugawanya mutoto. Na muzigo mukubwa sana, uachie wenye chukudu, wale wa Goma na kando-kando. Ile ndiyo kazi yao.

Na kama nyumbani kuko kinga ya wanaume peke yake? Usiseme hauna namna. Shusha kiti. Panda bila mutoto nyuma. Ukiwa na mutoto, sukuma kinga kwa miguu, mutoto akikaa juu yake na wewe ukimushika. Hata kusukuma kunasaidia mugongo wako.

7. MUTOTO JUU YA KINGA

Sisi wauguzi tunaogopa jeraha moja kuliko mengine: muguu wa mutoto kuingia ndani ya gurudumu. Mutoto amekaa nyuma, amechoka, analala, muguu unaning'inia, vijiti vya gurudumu vinaukamata. Kisigino kinapasuka kama vile mutu amekikata kwa kisu.

Kuzuia ni rahisi:
- Funga ubao, kitunga ao wavu mugumu pande zote mbili za gurudumu la nyuma.
- Weka pahali pa kukanyagia miguu ya mutoto.
- Muvalishe viatu vilivyofungwa.
- Mutoto ambaye hajafika mwaka mumoja asipande kinga, hata mugongoni. Ukianguka, hana kitu cha kumukinga. Utembee kwa miguu.
- Ncha za kikwembe chako na kitambaa cha mutoto zifungwe ndani. Kitambaa kinachoning'inia kinatafuta munyororo.

Muguu ukikamatwa, usivute. Simama mara moja, rudisha gurudumu nyuma pole-pole. Kama haitoki, ukate vijiti. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, ulifunge na kitambaa safi, ulete mutoto kwetu siku ileile, hata kama jeraha linaonekana dogo. Mara mingine ngozi ya kisigino inakuwa nyeusi na inakufa siku chache nyuma. Usiweke majivu, wala mafuta ya kinga, wala mavi ya ngombe. Na ulete kadi yake, tuangalie chanjo ya pepopunda.

8. WAKATI WA MIMBA NA KISHA KUZAA

Mama mwenye mimba, kupanda kinga hakuharibu mimba kwa mama mwenye afya. Hatari ni kuanguka. Tumbo likikua, uzito wa mwili unakwenda mbele na haujizuii tena kama zamani. Kwa hiyo, tumbo likiisha kuonekana vizuri, anza kusukuma kinga badala ya kuipanda. Kama muzalishaji alikuambia kwamba uko na damu, ao presha, ao kondo ya nyuma iko chini, usipande hata siku moja.

Ukianguka na mimba, kuja maternite, hata kama hausikii maumivu. Kuja mbio sana kama kuko damu, maji yanatoka, tumbo linakuwa gumu, ao mutoto hachezi tena kama kawaida.

Kisha kuzaa, ngoja mpaka damu iishe na jeraha lipone. Mama aliyepasuliwa angoje angalau juma 6, kisha tumupime kwanza. Mama aliyetengenezwa fistula angoje mpaka munganga wake amupe ruhusa. Asijipe ruhusa mwenyewe juu ya kujisikia muzuri.

KUMBUKA

Kinga ya dame inampa mama nafasi ya kushuka. Miksti inampa nguvu ya kubeba. Zote mbili ni nzuri, kila moja kwa wakati wake. Anayechagua asiangalie rangi, wala jirani amenunua nini. Aangalie mwili wake wa leo, na yule anayekaa nyuma yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

1. Sababu gani mama achague kinga kwa namna ya kushuka?
2. Vyuma viwili vya miksti vinafanya kazi gani?
3. Utafanya majaribu gani matatu mbele ya kununua?
4. Nyumbani kwenu, nani anakaa nyuma ya kinga? Miguu yake iko wapi?
5. Mama mwenye mimba akianguka na hasikii maumivu, afanye nini?

Ulizo la ine lisijibiwe hapa. Lijibiwe nyumbani leo jioni, kinga ikiwa mbele yenu, na bwana akiwa pale.